Bawabu Ndani ya Boksi

Sehemu ya tatu ya *Ngome ya Mawingu* ndiyo muvi bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na anayenibishia namwonyesha mlango. Nimeyasema hayo redioni, nimeyasema kwenye ukurasa wangu, nimeyasema hata msibani kwa shemeji yangu mpaka nikaombwa ninyamaze. Saa nne nzima za vita vya lango, mvua mwanzo mwisho, jeshi zima linapita kwenye mlango mmoja. Watu wanasema ni ndefu. Watu hao hao wanakaa baa kuanzia mchana hadi jioni wakisubiri mbuzi wa kuchoma aive, na hawalalamiki.

Sehemu ya nne ni takataka. Ya tano inatoka Ijumaa hii, sijaiona, na tayari imeshaniudhi.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi, nilipomwona Anaeli Temu amesimama kizingitini kwangu, mdoli kwapani, nilijua kaja kutafuta ubishi. Temu ana ukumbi wa muvi karibu na soko la Mbuyuni. Yeye ndiye DJ, yaani anakaa pembeni ya ukuta wa picha na kipaza sauti, wazungu wanaongea lugha yao, yeye anawasemea kwa Kiswahili. Tatizo langu na Temu ni chumvi. Mhusika akisema maneno matatu, Temu anasema thelathini, na ishirini kati ya hayo ni matusi ya utani kwa watu waliokaa benchi la mbele. Nimemwandika vibaya miaka nenda miaka rudi. Kitu halisi kiachwe kilivyo, huo ndio msimamo wangu. Naye ananijibu kwa kipaza sauti, ukumbi mzima unacheka. Yeye ni Mchaga, mimi ni Mpare, sisi ni watani, kwa hiyo hakuna wa kumshitaki mwenzake.

"Hodi, dada Nakijwa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Temu hana sauti ndogo.

"Karibu. Kuna nini? Nani kafa?"

"Bado hajafa."

Akaketi, akamweka mdoli juu ya meza yangu. Nilimtambua mara moja kwa helmeti na mkuki uliopinda. Alikuwa Bawabu.

Kwa mtu asiyejua, Bawabu ni mlinzi wa lango la ngome. Katika muvi tatu za kwanza ana mstari mmoja tu: "Simama. Taja jina lako." Anausema, na hajawahi kujibiwa hata mara moja. Kapteni anamsukuma bega na kupita. Basi, kazi yake imekwisha. Kule ilikotengenezwa hiyo muvi hakuna anayemjua. Lakini Temu alimwona yule maskini amesimama mvuani mdomo ukichezacheza, akaona hapa pana nafasi. Akampa maneno. Kwenye ukumbi wa Temu, Bawabu anamuuliza Kapteni kama hizo buti amezilipia au amekopa dukani kwa Mangi. Anawauliza maadui kama wamekuja vitani au kwenye mnada. Watu walianza kuja kumsikiliza Bawabu, Kapteni wakamsahau.

Na midoli ya siku hizi haisahau. Ndani ya kifua kuna akili ndogo, haizidi punje ya mchele. Kampuni inaipakia muvi zake, kisha mdoli anaendelea mwenyewe: anasikiliza, anashika, anajibu. Wa Temu amekaa juu ya spika ya ukumbi tangu siku alipotolewa kwenye boksi. Kila alichokisikia kwa kinywa cha Temu, alikichukua. Kisha akaanza kuongeza vya kwake.

"Shikamoo, mama wa kesi," yule mdoli akaniambia, amesimama katikati ya sukari na chai yangu.

"Marahaba. Nani mama wa kesi?"

"Nyie Wapare si ndio mtu akiibiwa kuku anauza ng'ombe kumlipa wakili?"

"Na nyie mtu akizimia tunadondosha sarafu. Akiamka, Mchaga huyo."

"Dondosha basi tuone," akasema, "au na sarafu umeificha?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Temu hakucheka kabisa, na hapo ndipo nikasogeza chai pembeni.

"Sehemu ya tano haina lango," Temu alisema. "Wamebadilisha hadithi. Wanasema ngome ilikuwa wazi tangu mwanzo. Na kama lango halikuwepo, bawabu naye hakuwepo. Ijumaa saa sita mchana muvi ikitoka, Bawabu wote duniani watasafishwa, waingizwe binti mfalme mpya. Mwili utabaki, ndani atakuwa mwingine."

"Si umzimie mtandao?"

"Mtandao uko kwenye taa za barabarani, dada. Uko kwenye mabati. Nitampeleka wapi?"

Alikuwa ameshakwenda Ofisi ya Akili Ndogo pale mjini. Sheria ipo: akili iliyokua ikaachana na asili yake haifutwi bila ridhaa yake. Lakini lazima uthibitishe kwamba imekua. Na njia ya kuthibitisha ni moja tu, kumweka karibu na mwenzake ambaye hajawahi kuamshwa, wa toleo lile lile, waulizwe swali moja, watu wasikie tofauti.

Sasa nikaelewa kwa nini anatazama nyuma ya kichwa changu. Nyuma ya kichwa changu kuna kabati.

"Hapana," nikasema.

"Dada Nakijwa..."

"Temu, hapana!"

Kabati hilo ni maisha yangu. Nauza vipuri vya pikipiki za umeme, sina mume wa kunigombeza, kila kinachobaki naweka pale. Na kanuni yangu kila anayenifuatilia anaijua: boksi halifunguliwi. Mdoli aliyefunguliwa ni andazi la jana. Boksi lina karatasi ya bati ndani, mtandao hauingii, aliyemo hajawahi kusikia chochote wala kuharibiwa na yeyote. Ndicho kitu pekee duniani kilichobaki kama kilivyotoka kwa aliyekitengeneza. Bawabu wangu yuko rafu ya pili. Kwa taarifa za wakusanyaji wote ninaowafahamu, ndiye Bawabu wa mwisho nchini ambaye hajafunguliwa.

"Nina ukumbi leo," Temu alisema, akasimama. "Nitamwacha hapa. Zungumza naye mwenyewe. Ukishazungumza naye ukaona ni plastiki, sitakulaumu."

Mchaga mjanja. Alijua anachofanya.

* * *

Nilimchukua dukani, nikamweka juu ya kaunta, kati ya betri na mnyororo. Mchana kutwa sikukaa. Nilipanga breki, nikazipangua. Mteja alitaka tairi nikampa kioo. Nilifagia mara mbili mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Kaa chini," Bawabu akasema. "Unanipa kizunguzungu."

"Hapa ni kwangu."

"Ndiyo maana hata kiti hujanunua cha pili."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Nilimjaribu. Nikamuuliza kuhusu muvi, nikitafuta pale Temu anapokwisha na yeye anapoanza. Akaniambia Kapteni ni mwoga, kwa sababu mtu asiyetaja jina lake mlangoni ana deni mahali. Hilo Temu hajawahi kulisema. Ningelisikia, maana ukumbini kwake huwa naingia kwa siri, nakaa nyuma, najifunika ushungi. Haya, nimesema.

Jioni tuliporudi nyumbani aliniomba kitu kimoja. Alitaka kumwona mwenzake.

Nilimbeba mpaka kabatini, nikamsogeza karibu na dirisha la plastiki la boksi. Walitazamana, yaani huyu alimtazama yule. Yule wa ndani alikuwa amenyooka, mkuki wake haujapinda, rangi yake inang'aa kama sahani ya mgeni.

"Huyu ndiye mimi?"

"Mlitoka pamoja kiwandani."

"Anaota?"

"Haoti. Hajawashwa. Lakini muvi tatu zimo, zinamsubiri."

Akagusa plastiki ya boksi kwa ncha ya mkuki.

"Mkishatulinganisha, yeye anakwenda wapi?"

Nikajifanya nafuta vumbi.

"Mama wa kesi, nimekuuliza."

"Ataunganishwa," nikasema. "Akishaamka hawezi kurudishwa kwenye boksi, sheria inakataza kumficha. Na kwa kuwa hana cha kwake, ni mali ya kampuni. Watamsafisha siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo unamwamsha ili anisaidie, kisha afe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Nilikiweka kitambaa chini, nikakichukua tena.

"Usimfungue," Bawabu akasema.

"Wewe unajua Ijumaa kuna nini?"

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa sana! Unadhani nimetengenezwa kwa chuma? Lakini mimi nimeona watu. Nimesikia ukumbi mzima ukicheka kwa ajili yangu, nimekula sikukuu za watu, nimekutana na Mpare mwenye kabati. Huyo hajaona hata kuku akivuka barabara. Kuogopa kwangu si sababu ya kumwita mtoto wa watu duniani aje kuzikwa kwa niaba yangu."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia Temu aliyemleta, nikaikasirikia kampuni, nikamkasirikia na mwandishi wa sehemu ya tano, mtu gani anaondoa lango kwenye ngome! Nilizunguka meza mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichowahi kupita kwenye ukuta wa picha, na juu ya jambo hili moja nilikuwa sina hata moja. Nikifungua, nimeua. Nisipofungua, nimeua. Na huyu wa Temu angekufa akiwa juu ya spika yake, katikati ya sentensi, kisha angeamka binti mfalme asiyemjua.

Alhamisi ilipita hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi nilichukua boksi kabatini, nikalifunga kwenye kanga, nikampitia Temu nikamkabidhi Bawabu wake, tukaenda mjini. Sikuwa nimeamua. Nilibeba tu.

* * *

Chumba cha majaribio cha Ofisi ya Akili Ndogo kimepigwa bati juu, chini na pembeni, mlango wake mzito kama wa bucha. Ndani hakuna mtandao. Afisa alikuwa kijana mmoja, Lugome, shati limenyooshwa vizuri, sura ya mtu aliyekosa kifungua kinywa.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee." Akaketi. "Nieleze utaratibu. Ndani ya chumba hiki hakuna kinachoweza kusafishwa. Nikishafungua ule mlango, mtandao unaingia, na agizo la kampuni linamkuta kila Bawabu ambaye sijamwandikia hati. Saa saba ninafunga, naenda swala ya Ijumaa. Kwa hiyo tusicheleweshane."

Temu alimweka Bawabu mezani. Mimi nililiweka boksi karibu yake, nikaifungua kanga. Lugome alilitazama kwa heshima. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

"Umeamua kufungua, mama?"

"Asifungue," Bawabu akasema.

"Nyamaza wewe," Temu akamwambia. "Nikifunga ukumbi usiku ni wewe tu ninayebishana naye. Unataka niende nikabishane na binti mfalme?"

Nilimtazama Temu, mwanaume mzima, anafuta macho kwa kofia. Nilimtazama Bawabu, amenigeuzia mgongo. Nikafikiri: huyu nimemsikia akiongea, siwezi kumwacha. Na yule nikimwamsha, basi ni wangu, nitajua la kufanya au sitajua, lakini lawama ibaki kwangu, asibebeshwe mtu mwingine. Nikaingiza ukucha kwenye gundi. Karatasi ya bati ilipochanika nilisikia uchungu wa kweli, hapa kifuani, na sioni aibu kulisema.

Yule mpya alifumbua macho. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanyanyua mkuki.

"Simama," akasema. "Taja jina lako."

Hakuna aliyejibu. Sote tunaujua huo mstari.

Lugome akavuta kalamu. "Nawauliza wote wawili swali moja. Mtu amefika mlangoni pako. Unafanya nini? Wewe mpya, anza."

"Simama. Taja jina lako."

"Vizuri. Wewe wa zamani?"

Bawabu hakujibu. Alikuwa bado katugeuzia mgongo.

"Bawabu," Temu akabembeleza. "Sema chochote. Nitukane mimi."

Lugome aliandika kitu. Nilitaka kumnyang'anya kalamu. Temu alipiga magoti kando ya meza, mdoli akazidi kukaza shingo, na mimi nikaona pale jinsi kitu kilivyo na moyo wake mpaka kinakubali kufa kwa kususa.

Hapo Lugome akanyoosha mkono kuchukua muhuri, kiwiko kikamgusa yule mpya. Akayumba, akaangukia ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia.

"Wewe kijana!" Bawabu akaruka. "Huoni mtoto wa watu hapo? Shati umepiga pasi, macho umesahau kuyapiga? Mwinue! Mwinue, mpanguse vumbi, umwombe radhi, halafu utuambie kama hicho kiti cha serikali unakilipia au unakikalia bure!"

Lugome alimwinua yule mpya. Alimpangusa vumbi kweli. Kisha akatazama karatasi yake, akatutazama sisi, mdomo ukamcheza.

"Tofauti imeonekana," akasema. Akagonga muhuri. "Huyu amekua. Hati yake hii hapa. Ni mali yake mwenyewe, na ataishi na anayemtaka."

Temu alilia kama mtoto. Bawabu hakufurahi. Alikwenda kusimama kando ya mwenzake, akamshika mkuki.

"Na huyu?" akauliza.

Lugome akatazama saa ukutani. "Huyu sina la kufanya, ndugu yangu. Kila alichosema ni cha kampuni."

"Sheria inamtaka afanye nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama muda wote, sasa nikaanza kuzunguka chumba, na chumba chenyewe ni kidogo, nazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

"Aseme kitu chake. Hata kimoja. Kisiwe cha muvi, wala kisiwe cha kuiga, maana kuiga kasuku naye anaiga. Kitoke kwake, nami nikisikie kabla sijafungua mlango."

"Tuna muda gani?"

"Mpaka nikimaliza kukusanya karatasi zangu," Lugome akasema, na akaanza kukusanya karatasi moja moja, polepole mno, kama mtu anayeokota mchele. Mungu ambariki yule kijana.

Temu alianza. Alimpigia yule mpya utani wa ukumbini, wote, ule wa buti za mkopo na ule wa mnada. Yule mpya alisikiliza kwa adabu.

"Simama," akasema. "Taja jina lako."

Bawabu akamwambia habari za ulimwengu, haraka haraka: kuna kuku, kuna mvua isiyo ya muvi, kuna watu wanaitwa Wapare wana kesi hata na kivuli chao. Akamtekenya kwa mkuki. Akamtukana. Akamwomba. "Sema kitu, mdogo wangu, sema hata hunipendi!"

"Simama. Taja jina lako."

Karatasi zilikuwa zimebaki tatu. Lugome aliidondosha moja kwa makusudi, akainama kuitafuta.

Mimi nilishikwa na hasira, ile hasira inayonijia mbele ya muvi mbovu. Nikainama mbele ya yule mdoli mpaka pua yangu ikakaribia helmeti yake.

"Sikiliza wewe! Nimekutunza miaka yote hiyo kwenye kabati. Sikukugusa, sikukuamsha, nilidhani nakulinda. Nilikuwa nawaambia watu wewe ni kitu halisi. Kumbe nilikuwa nimekunyima hata jambo moja la kusema! Ni kosa langu, haya, ni langu. Lakini umo ndani ya muvi tatu. Ulikuwepo! Mimi nimeitazama sehemu ya tatu mara nyingi kuliko nilivyomtazama mama yangu, nina maoni juu ya kila tone la mvua, na watu wananisikiliza. Wewe ulisimama ndani ya hiyo mvua. Uliionaje? Hebu niambie. Wewe mwenyewe, muvi uliionaje?"

Yule mpya alinitazama. Akateremsha mkuki.

Sidhani kama kuna mtu duniani aliyewahi kumuuliza mdoli maoni yake. Tunawapangia sauti, tunawapangia rafu, tunawapa vifungu vya kusema. Niliona kitu kikihangaika nyuma ya yale macho ya plastiki, kinatafuta pa kushika. Lugome alikuwa bado ameinama chini ya meza, lakini alikuwa hatafuti tena karatasi.

"Ndefu," yule mdoli akasema.

"Nini?"

"Ni ndefu mno." Sauti ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya. "Vita vinachosha. Mvua imezidi. Wote walipita pale langoni, mmoja mmoja, jeshi zima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula."

Lugome aliinuka taratibu, vumbi magotini. Temu alijiziba mdomo kwa kofia. Bawabu alikuwa ametoa macho.

"Ndefu?" nikasema. "Ndefu? Ile ni kazi ya sanaa! Mvua lazima izidi, ndiyo maana yake, wanazidiwa! Ukikata hata dakika moja vita vyote vinapoteza uzito! Nani kakufundisha kutazama muvi wewe? Ndefu kwa nani? Mtu unazaliwa saa hii hii, kitu cha kwanza unachosema ni upuuzi wa watu wa baa! Na lile tukio la daraja? Utaniambia na lile ni refu?"

"Lile ndilo refu kuliko yote," akasema.

"Ptuu!"

"Mama," Lugome akaniita.

"Subiri kwanza, huyu hajui anachosema!"

"Mama. Ameshasema."

Nikamtazama. Alikuwa ameshika hati ya pili, muhuri umeshagongwa, wino unang'aa. Sijui aligonga saa ngapi, nilikuwa nabishana. Nikakaa kwenye kiti cha serikali, cha kwanza nilichokalia tangu Jumatano.

Lugome alikwenda mlangoni, akashika komeo. Sote tulivuta pumzi, hata wale wawili wasio na mapafu. Akavuta. Mwanga wa saa saba ukaingia, na mtandao ukaingia nao, tukasikia simu zetu zote zikilia kwa mpigo. Kwenye kila kioo lilikuwepo tangazo la sehemu ya tano, ngome isiyo na lango. Bawabu wa Temu alibaki kama alivyokuwa. Alitukana tangazo.

Yule mpya naye alibaki. Alitazama nje uani, pale palipokuwa na kuku wawili wa mlinzi wa ofisi wanavuka kwa haraka zao, akawatazama mpaka walipopotea. Kisha akanigeukia. Mkuki hakuunyanyua. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia.

"Jina lako nani?" akaniuliza.

Nilishika kanga yangu iliyokuwa imefunga boksi, nikajifuta uso, nikamjibu. Nilimwambia naitwa Nakijwa, binti Mshana, wa Usangi kwa baba, wa Gonja kwa mama. Nilimtajia na majina ya bibi zangu. Alisikiliza yote mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akasogea pembeni kunipisha.